Bahari ya Juu

Anayeondoka Lamu kwa ndege huanza na bahari. Uwanja wetu uko Manda, kisiwa cha ng'ambo, kwa hiyo abiria hushuka gatini na begi lake, akapanda boti, akavuka mkono wa bahari, ndipo akaiona ndege. Mkono huo nimeuvuka tangu sijajua kusema. Nimeuvuka siku za kusi, boti ikipanda na kushuka, maji yakitumwagikia mapajani, na sikumbuki hata siku moja kushika ubao kwa hofu. Lakini kwa miaka tisa, kila nilipofikiria kinachonisubiri baada ya gati la Manda, viganja vililowa jasho na tumbo likakaza kama kamba ya tanga.

Nawaandikia wenzangu wenye hofu hii. Najua mko wengi na hamsemi. Kwetu, mtu mzima akitamka kwamba anaogopa ndege huambiwa "tawakal", na mazungumzo yakaishia hapo. Nami tawakal nilikuwa nayo. Dua ya safari nilikuwa naijua kwa moyo, ile ya "Subhana lladhi sakhkhara lana hadha", na nikiisoma huku moyo unatwanga kama mchi kinuni. Nilijilaumu kwa upungufu wa imani, nikaongeza aibu juu ya hofu, mpaka vikawa mizigo miwili.

Hofu ilianza mwaka 2012, mwezi wa Aprili, masika yamepamba. Nilikuwa natoka Nairobi kwenye semina ya walimu, katika kindege cha Caravan, vile vya injini moja ambavyo abiria anaona kisogo cha rubani na saa zote zilizo mbele yake. Tulipokaribia Manda mvua ilikuwa inapiga vioo kwa mshazari. Niliiona mikoko, nikauona mwanzo wa barabara ya kurukia, nikaanza kuvaa viatu vyangu. Magurudumu yakiwa karibu yaguse lami, injini ikanguruma, pua ya ndege ikainuka, na kile nilichokuwa nakiona chini kikapotea ndani ya weupe wa mawingu. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kuita majina ya watoto wake, mmoja baada ya mwingine. Tukazunguka, tukarudi, tukatua. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyetuambia neno. Tulifunguliwa mlango, tukashushwa mvuani.

Leo najua kwamba rubani yule alifanya lililo sahihi. Upepo ukimsukuma vibaya dakika ya mwisho, au asipoiona barabara sawasawa, huacha kutua, akapanda tena na kujaribu upya. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hilo kama sisi walimu tunavyofanyia mazoezi ya moto shuleni. Lau angegeuka akatuambia sentensi moja tu, huenda nisingekuwa na makala haya ya kuandika. Bila sentensi hiyo, mwili wangu ulijipa maelezo yake wenyewe: tulikuwa tunakufa, tukasamehewa.

Safari iliyofuata nilipanda basi. Nilipolipia tiketi ya Mokowe hadi Mombasa nilisikia raha ya ajabu, mabega yakashuka. Sikujua kwamba raha ile ndiyo chakula cha hofu. Kila unapolikwepa jambo na mwili ukatulia, mwili unajifunza kwamba umeokoka kwa sababu umekwepa, na siku ya pili unakwepa kwa haraka zaidi. Baada ya miaka mitatu sikuhitaji hata kufikiria safari. Ndege ikipita juu ya Shela jioni, nami niko darini naanika nguo, mikono ilikuwa inaanza kutetemeka yenyewe.

Mwaka 2018 kaka yangu alifariki Nairobi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na maziko yakapangwa baada ya alasiri, kama ilivyo ada yetu. Ndege ilikuwapo siku hiyo. Shemeji aliniambia nafasi imepatikana na nauli imeshalipwa, nivuke tu Manda. Nilikaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na simu mkononi, kanga ya kusafiria nimeshajitanda, na miguu ikakataa. Sisemi hivyo kwa kupamba. Niliiamuru isimame, haikusimama. Nikamwambia shemeji nitakuja kwa basi. Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka alfajiri, kwa hiyo nikaondoka Jumatano, nikapita Witu, Garsen na Malindi, nikaingia Mombasa jua linazama, nikapanda basi jingine usiku kucha. Nilifika Alhamisi. Kaburi la kaka yangu lilikuwa na siku mbili, na udongo wake wa juu umeshakauka.

Hilo sikuwahi kumweleza mtu hadi mwaka 2021, na niliyemweleza alikuwa mwanamke niliyemwona kwenye kioo cha simu.

Moyo wa mama ulikuwa umeanza kumsumbua, miguu inavimba, hawezi kupanda ngazi za nyumba yetu bila kupumzika mara mbili. Daktari wetu hapa Lamu akaandika barua ya kwenda kumwona bingwa wa moyo Nairobi, na akasema wazi kwamba kumbebesha mzee huyu safari ya siku nzima barabarani, halafu treni, hakutamfaa. Apande ndege. Ndugu zangu wakajitolea kumpeleka. Mama akasikiliza wote, akasema: "Nitakwenda na huyu, au siendi." Akanionyesha mimi kwa kidole.

Nilianza kwa kujitibu mwenyewe usiku kwenye YouTube. Zipo rekodi nyingi za kutuliza hofu ya ndege. Sauti nzito ya mzungu inakwambia ufumbe macho, halafu inakuongoza: unatembea msituni, majani ya rangi ya dhahabu yanadondoka, mbele kuna kibanda cha magogo na moto unawaka, nje theluji inaanguka taratibu. Nililala na sauti hiyo masikioni kwa wiki mbili. Haikunifanya kitu. Theluji sijapata kuigusa. Na msitu ninaoujua mimi ni Boni, na tangu mwaka 2014, walipouawa watu Mpeketoni, neno hilo halimtulizi mtu wa Lamu. Kila nikiambiwa niingie msituni, mwili wangu ulikuwa unachungulia nyuma ya miti.

Rafiki yangu anayefundisha Mombasa ndiye aliyenipa namba ya mwanasaikolojia anayetumia hipnosisi, yaani kumwingiza mtu katika utulivu mzito kwa maneno ili picha za kichwani zimfanyie kazi. Nilisita mwezi mzima. Kwetu sisi, mtu akilazwa kwa maneno na kuamrishwa, hilo lina majina mengine: kuna kupunga pepo, kuna uganga, kuna sihiri. Jirani yangu, ambaye ananipenda kwa dhati, alinikalisha barazani akaniambia, "Bibi wewe, utaingizwa kitu humo usijue namna ya kukitoa." Nilimheshimu kwa kunionya. Wasiwasi wake nilikuwa nao mimi pia.

Kwa hiyo kabla ya lolote nilisoma, maana ndivyo nilivyo. Nikakutana na Franz Anton Mesmer, tabibu aliyehamia Paris mwaka 1778, akadai kwamba mwilini mna mvuke wa sumaku na yeye anaweza kuusukuma kwa mikono. Watu walizimia na kulia mbele yake, na wengine wakapona kweli. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume ya wataalamu, akiwemo Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier. Wakawafunga wagonjwa macho, wakajaribu hivi na hivi, wakagundua kwamba mtu akiamini anasukumwa sumaku huzimia hata kama hakuna anayemgusa, na asipojua kwamba anasukumwa halimpati lolote. Wakaandika kwamba sumaku hakuna, kuna mawazo ya mgonjwa tu. Neno hilo "tu" limenikaa moyoni. Walilitumia kumpinga Mesmer, na alistahili, lakini mimi nilipolisoma niliinuka kitini. Ikiwa picha ya kichwani peke yake inaweza kumwangusha mtu mzima chini, basi picha hiyohiyo ndiyo iliyoifunga miguu yangu dakani. Na kama picha imefunga, picha inaweza kufungua.

Jina lenyewe lilienezwa baadaye na daktari mpasuaji wa Uskochi, James Braid, aliyeandika kitabu mwaka 1843 akaachana na habari za sumaku na kulitazama jambo hili kama hali ya akili. Mwaka 1955 chama cha madaktari wa Uingereza kilikubali kwamba ina nafasi yake katika tiba. Huo ndio usomi niliompelekea jirani yangu. Alinisikiliza, akasema, "Haya, lakini soma Ayatul Kursiy kwanza." Nikasoma.

Kikao cha kwanza kilikuwa mchana, kwa simu ya video. Nilikaa chumba cha ndani, mgongo ukutani chini ya vile vidaka vya chokaa ambavyo bibi yangu alikuwa akipangia vyombo vyake. Mtaalamu huyo, ambaye nilimwita daktari naye akaniita mwalimu, hakunilaza. Kwanza aliniuliza maswali kwa karibu saa nzima. Kisha akanipima. Akasema ninyooshe mikono yote miwili mbele, nifumbe macho, nione mkono wa kushoto umeshika ndoo na mtu anaijaza maji ya kisima kata baada ya kata, na kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa uzi wa tiara inayopaa upepo wa kaskazi. Nilijua vizuri kwamba sina ndoo wala tiara. Aliposema nifumbue, mikono ilikuwa imepishana zaidi ya shubiri.

"Sawa," akasema. "Wewe picha zinakufanyia kazi."

Si kila mtu yuko hivyo, naye alilisema waziwazi. Kuna wanaozama haraka, kuna wasiozama kabisa, na wengi wetu tuko katikati. Hapo aliniambia habari iliyonipa moyo. Huko New York, Marekani, kulikuwa na daktari wa akili, Herbert Spiegel, ambaye pamoja na mwanawe David na wenzao walichapisha mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa 178 wa hofu ya ndege, kila mmoja akiwa amepewa kikao kimoja tu cha dakika 45 na kufundishwa kujiingiza mwenyewe katika hali hiyo. Wale ambao picha zinawafanyia kazi walikuwa na nafasi ya kunufaika zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wale zisizowafanyia kazi. Wapo waliopona, wapo waliopata nafuu, wapo ambao haikuwasaidia. Nilimwamini zaidi kwa kunitajia hao wa mwisho.

Mnataka kujua hali yenyewe ikoje. Alinifanya nipumue: kuvuta kwa kuhesabu nne, kutoa kwa kuhesabu saba, maana pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mwendo wa moyo. Kisha akapita kwenye viungo, kuanzia nyayo, nikibana na kulegeza, nyayo, mapaja, tumbo, taya. Taya ndiyo iliyonishangaza. Sikujua kwamba nilikuwa nimeikaza kwa miaka. Sauti yake ikawa inapungua kasi, na kila akihesabu niliona nashuka ngazi moja ya nyumba yetu, kutoka darini hadi kiwandani, ule ua wa ndani, na chini palikuwa na ubaridi ule wa mawe ya kale. Katikati ya hayo adhana ya alasiri ikaanza. Niliisikia yote, neno kwa neno, nikaitikia kimoyomoyo kama kawaida, na bado nilikuwa chini kule, nimetulia. Hapo ndipo wasiwasi wa sihiri uliponitoka. Aliyetekwa hajui kwamba sala imeingia. Mimi nilifumbua macho, nikamwambia daktari nakwenda kuswali, akasema karibu, tutaendelea ukirudi.

Lililofuata ndilo sababu ya kuandika haya yote. Aliniomba nichague mahali pa amani, mahali pangu. Nilijibu haraka: ufuko wa Shela. Kila mtu hujibu hivyo, ni pazuri. Tukapajaribu. Niliuona mchanga, niliona vilima, na moyo ukabaki vilevile, kama mtu anayetazama kadi ya posta. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ni wapi ulipowahi kulala usingizi ukiwa mdogo, pasipo kulazimishwa?"

Sikufikiri. Nilisema: kwenye tezi la mashua ya babu, kule nyuma ya chombo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Alikuwa na mashua ya kubebea boriti na chokaa, na siku za likizo nikenda naye. Nilikuwa na mahali pangu nyuma, kati ya miguu yake na kana, ule mti wa usukani, juu ya tanga la akiba lililokunjwa, linanuka chumvi na sifa, yale mafuta ya papa. Siku za kusi mashua ilikuwa inainuka mpaka naona anga peke yake, halafu inashuka mpaka tumbo linabaki juu, na ubavuni maji yanapiga ubao: tap, tap, tap. Wageni walikuwa wanajishikilia kwa mikono miwili na kutapika. Babu alikuwa akiwaambia, "Usishindane na chombo. Kikienda, nenda nacho." Nami hapohapo nilikuwa nalala fofofo.

Daktari alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba Spiegel alikuwa akiwafundisha wagonjwa wake mambo matatu. La kwanza, ndege waihesabu kuwa imeongezwa kwenye mwili wao, kama baiskeli inavyoongezwa kwenye miguu. La pili, watenganishe linaloweza kutokea na linaloelekea kutokea. La tatu, waelee pamoja na ndege badala ya kupigana nayo. "Hao watu wa New York ilibidi wafundishwe kuelea," akasema. "Wewe umefundishwa na babu yako."

Nililia pale, mbele ya simu. Si kwa huzuni. Ni kama mtu aliyetafuta ufunguo mji mzima, akaambiwa uko shingoni mwako.

Tangu hapo kila kikao kilianzia kwenye tezi. Nikishalegea vizuri, daktari alinipandisha ngazi kidogo kidogo: naona tiketi, narudi kwenye mashua, nasikia mlango wa ndege unafungwa, narudi kwenye mashua, injini inabadilika sauti, narudi. Mpango huu wa kupanda ngazi za hofu mtu akiwa amelegea ulitengenezwa na Mwafrika Kusini, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kuona askari wenye hofu wasiosaidiwa na dawa. Aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Hoja yake ni nyepesi kuieleza: mwili hauwezi kukaza na kulegea kwa wakati mmoja, basi ukiufundisha kulegea mbele ya kitu kile kile kinachoukaza, hofu inakosa mahali pa kukaa. Alinipa pia alama ya siri, kubana kidole gumba na cha shahada kila ninapofika kwenye tezi, ili baadaye vidole vikibanana mashua ije yenyewe. Akanirekodia dakika kumi na nane za sauti, akanitumia kwa WhatsApp, nami nikawa nazisikiliza kila usiku baada ya isha, darini, siku arobaini bila kukosa.

Kichwa nacho kilikuwa na maswali yake, na picha haziyajibu. Hayo aliyajibu kwa maelezo. Mchana jua linapochoma bara, hewa ya moto hupanda kwa mafungu, na ndege ikipita juu yake hutikisika kama boti inayokata mkondo. Bawa limetengenezwa lipinde, kama foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyopinda upepo ukizidi. Lisilopinda ndilo la kuogopwa. Na ile sekunde mbaya kuliko zote, dakika moja hivi baada ya kuruka, ambapo sauti ya injini inashuka na unahisi mnaanguka: rubani anapunguza nguvu alizotumia kuruka, na ndege bado inapanda. Kwa miaka yote nilidhani injini imekata roho.

Kisha nikatumwa Manda, bila tiketi. Hili wengi hulikwepa, na bila hili nadhani picha zingebaki picha. Siku nne za Jumamosi nilivuka asubuhi na chupa yangu ya chai ya tangawizi, nikaketi kivulini karibu na uwanja, nikatazama ndege zikija na kuondoka. Siku ya kwanza ilipotua ya kwanza nilibana vidole mpaka kucha zikaniuma. Siku ya tatu nilikuwa nasahihisha insha. Kijana niliyemfundisha darasa la saba, sasa anasukuma mikokoteni ya mizigo pale, alinisimamia akauliza, "Mwalimu, unamsubiri mgeni?" Nikamwambia, "Najifunza." Akatikisa kichwa kwa adabu, akaniletea kiti.

Tuliondoka mwezi wa Agosti, kusi imekaza. Mama alishushwa botini na vijana wawili, akakaa katikati, buibui linapeperuka. Boti iliruka wimbi baada ya wimbi naye anatazama mbele kama binti wa nahodha alivyo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupumua kwa hesabu.

Ndege ilikuwa Dash 8, mabawa yake yako juu ya madirisha. Ukikaa katikati unaona gurudumu likining'inia chini ya injini. Nilisoma dua yangu ya safari. Nikabana vidole. Tukakimbia, tukainuka, Manda ikawa mikoko na michanga na maji ya kijani, na pale dirishani nikaliona gurudumu likijikunja taratibu na kuingia tumboni mwa injini, milango yake miwili ikajifunga, basi. Sauti ikashuka. Ile sekunde. Tumbo likabaki juu.

Moyo uliruka, siwadanganyi. Jasho lilikuja. Lakini lililonijia pamoja nalo lilikuwa harufu ya sifa. Nilifumba macho, nikawa juu ya lile tanga lililokunjwa, na ndege ilipozama kidogo nikazama nayo, ilipoinuka nikainuka, kiuno kimelegea, miguu imelegea, taya imelegea. Tulipovuka mto Tana mtikisiko ukazidi, vikombe vikagongana nyuma, na mwanamume wa kiti cha ng'ambo akashika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili. Nilitamani kumwambia asishindane na chombo.

Mama alinigeukia. Vikao sikuwa nimempa habari zake, wala mashua. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema kwa Kiamu chake cha Matondoni, "Ni ndia mbovu tu, mwanangu. Fumba mato ulale." Mkono wake ulikuwa mwepesi, mishipa imesimama, na haukuwa na jasho.

Sikulala. Lakini kuna dakika, mahali fulani kati ya Tana na Nairobi, ambazo siwezi kuzihesabu.

Kwa anayetaka kujaribu, nasema machache kwa sababu nimeulizwa na watu wa karibu. Mtafuteni mtu aliyesomea, na mwulizeni kama amesajiliwa; Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Mwenye maradhi ya kuona au kusikia visivyokuwepo aonane na daktari wa akili kwanza, hili si la kuchezea. Anayeahidi kukuponya kwa asilimia mia mkimbieni. Na akikupa msitu na wewe ni mtu wa baharini, mwambieni hapana. Mtu wa Kilifi ana minazi yake, mtu wa mtoni ana mtumbwi wake, aliyelelewa mgongoni mwa punda anajua mtikisiko wa kila aina. Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu swali lile la daktari, wapi mliwahi kulala usingizi bila kulazimishwa, na hakuna hata mmoja aliyenijibu kwa picha ya kadi.

Mimi mwenyewe bado nikikata tiketi usiku silali vizuri. Rekodi ile bado iko kwenye simu. Nimeruka mara sita tangu hapo, tano na mama.

Siku ile tulitua uwanja wa Wilson mchana, baridi ya Nairobi ya Agosti ikatupokea. Miadi ya bingwa ilikuwa kesho yake. Shemeji alituchukua kwa gari, akauliza tukapumzike nyumbani kwanza. Nikamwomba anipitishe makaburi ya Kariokor. Mama alibaki garini kwa sababu ya miguu yake, mlango ameuacha wazi. Nilipochuchumaa mbele ya kaburi la kaka yangu nguo zangu zilikuwa bado na chumvi ya mkono wa Manda, mikunjo yake myeupe imekauka pindoni mwa buibui. Adhana ya alasiri ikaanza. Nikangoja imalizike, kisha nikaanza Yasin.